Saa Mbili Usiku kwa Lugha ya Mashine

Kabla sijasema lolote, tega sikio kidogo: "Milioni ishirini, elfu themanini, mia sita kumi na mbili. Ti. Elfu mbili. Jumlisha sifuri tatu."

Umeambulia kitu? Hapo umetangaziwa kwamba shughuli ni tarehe 12 Juni 2008, saa mbili kamili usiku, kwa saa za Afrika Mashariki. Mfano nimeutunga mwenyewe, lakini ndivyo baadhi ya watu wasioona walivyokuwa wakisomewa ratiba na matangazo kwenye wavuti miaka ile. Mwenye macho aliona "Alhamisi, 12 Juni, saa mbili usiku", akajua aende ama asiende. Mwenzake, ambaye kompyuta humsomea skrini kwa sauti, akapigiwa hesabu za mamilioni.

Namba zile hazikuingia ukurasani kwa bahati mbaya. Ziliwekwa kwa makusudi, na waliozipanga walikuwa watu waangalifu, waliojadiliana hadharani na kusikilizana. Leo nataka tuwazungumzie watu hao na kazi waliyojipa: kukubaliana jinsi ya kupachika maana ndani ya kurasa za wavuti, ili kompyuta nayo ijue lipi ni jina la mtu, ipi ni tarehe na ipi ni bei. Wengi hatuijui kazi hiyo, ingawa kila ukitafuta pishi la biriani mtandaoni ukaletewa picha, dakika za kupika na nyota za waliokwisha kulijaribu, unakula matunda yake.

Tuanzie chini kabisa. Ukurasa wa wavuti, kwa kompyuta, ni maandishi matupu. Chukua tangazo kama hili: "Taarabu, Ngome Kongwe, Jumamosi saa tatu usiku, elfu kumi." Wewe ukilisoma unajua papo hapo kwamba Ngome Kongwe ni mahali, na elfu kumi ni kiingilio. Programu haijui. Hiyo elfu kumi inaweza kuwa bei, idadi ya viti, hata idadi ya waalikwa. Ni kama mgeni aliyeingia jikoni kwako: chumvi na sukari kwake ni unga mweupe tu, mpaka mwenye nyumba abandike lebo kwenye makopo.

Lebo za wavuti huandikwa ndani ya HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa, na msomaji wa kawaida hazioni. Kuzibandika si kazi ngumu. Ugumu unakuja pale mimi ninapoandika "mahali", wewe ukaandika "ukumbi", na mwenzetu wa Mombasa akaandika "pa kukutania". Programu inayotaka kukusanya matangazo yetu sote iende na lipi? Hapana budi tukubaliane. Sasa nani aketi na nani, wafuate utaratibu gani, na neno la mwisho awe nalo nani? Hapo ndipo penye kisa.

Mei 2001, Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti, aliandika makala katika jarida la Scientific American pamoja na James Hendler na Ora Lassila. Walieleza wavuti ambayo mashine zingeielewa kiasi cha ndugu wawili kuziachia programu zao zimtafutie mama yao mahali pa matibabu na kupanga zamu za kumpeleka. Ndoto nzuri. Ila zana zilizopendekezwa kuifikia zilikuwa nzito kwa mtu mwenye tovuti ndogo ya kwaya au ya duka la vitabu. Wasomi wa vyuo vikuu walizishangilia, waandishi wa kurasa wakazipita kando.

Tena kulikuwa na kidonda. Katika miaka ya 1990 kurasa zilikuwa na sehemu yake iliyofichika, ambamo mwenye tovuti aliorodhesha maneno muhimu ili mitambo ya kutafuta ijue ukurasa unahusu nini. Unaweza kukisia kilichotokea. Muuza matairi akajaza majina ya waimbaji mashuhuri, wa bahati nasibu akajaza kila kitu. Mitambo ya kutafuta ikaacha kuyaamini maneno yale, na Septemba 2009 Google ikatamka waziwazi kwamba haiyatumii kupanga matokeo yake. Ukificha taarifa mahali ambapo wasomaji hawafiki, nani atakukosoa ukidanganya? Ikae akilini hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Juni 2005 ikazinduliwa microformats.org. Aliyekuwa mbele ni Tantek Çelik, mhandisi wa kampuni ya Technorati, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi Microsoft kwenye kivinjari cha kompyuta za Mac. Yeye na wenzake walikuja na msimamo uliokwenda kinyume na ndoto ile kubwa. Walisema binadamu kwanza, mashine baadaye. Taarifa ibaki palepale inapoonekana, ndani ya sentensi ambayo msomaji anaisoma, na lebo iizungushie pembeni tu. Hakuna faili la pili la siri. Namba ya simu ikibadilika, unaibadilisha mara moja, na msomaji na mashine wote wanapata mpya.

Kilichonivutia zaidi kwao ni utaratibu. Ukienda na wazo lako la lebo za mapishi, tuseme, hawakuulizi una shahada gani. Wanakuuliza: umekusanya mifano ya kurasa halisi za mapishi? Wapishi wenyewe wanaandika nini? Wanataja idadi ya walaji, au hawataji? Wanasema vikombe au gramu? Lete mifano, iweke hadharani, kila mtu aione. Kisha unaulizwa: kuna kiwango cha zamani ambacho tayari watu wanakitumia? Kikiwepo, chukua majina yake yalivyo, usijitungie mapya. Ndiyo maana lebo zao za mtu na anwani zilichukuliwa kutoka vCard, ile kadi ya mawasiliano ambayo simu yako huituma unapomshirikisha rafiki namba ya fundi. Lebo za shughuli zilitoka kwenye iCalendar, muundo wa kalenda za kompyuta. Vyote viwili vilikuwa vimechapishwa kama viwango vya intaneti mwaka 1998.

Mimi nadhani utaratibu huo ni urithi mkubwa kuliko lebo zenyewe. Sisi tunazijua kamati zinazoanza na mwenyekiti, muhuri na posho ya kikao, kisha baada ya mwaka zinatoa fomu yenye visanduku ambavyo hakuna mwananchi anayejua avijaze nini. Hawa walianza kwa kuwatazama watu wanavyoandika.

Lakini watu gani? Hapa nina jambo langu. Mwaka mmoja na nusu kabla ya tovuti ile, Desemba 2003, Çelik, Eric Meyer na Matthew Mullenweg walitoa orodha fupi ya lebo za uhusiano, iliyoitwa XFN. Unapoweka kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya mtu, unatia na lebo inayosema huyo ni nani kwako: rafiki, mtu tunayefahamiana, mfanyakazi mwenzangu, jirani. Kwa upande wa familia kulikuwa na mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, mwenzi wa ndoa, halafu moja ya jumla kwa jamaa wengine wote. Kwa upande wa mapenzi zilikuwa nne: yule anayekutia hamasa ya kutunga, yule unayemzimia kimoyomoyo, yule mnayetoka naye, na mpenzi wako hasa.

Unaona hesabu ilivyokaa? Mapenzi yamepata daraja nne. Mjomba, shangazi, baba mdogo, mama mkubwa, wifi, shemeji, bibi na babu wote wamerundikwa kwenye lebo moja, "jamaa". Mwambie mama wa Kitanga kwamba shangazi na shemeji ni kitu kimoja, uone atakavyokutazama. Siwalaumu watungaji. Walitaka orodha fupi ambayo watu wataitumia kweli, na waliwaandalia wenzao waliokuwa wakiandika blogu na kuunganishana kwa viungo. Tena walifanya uamuzi mmoja wa busara: kwa makusudi hawakuweka lebo za ubaya. Huwezi kumtangaza adui yako kwa XFN. Lakini orodha hufanana na walioiandika, na ulipokuwa unaandikwa ule mstari wa "jamaa", hapakuwa na shangazi wa Kiswahili mezani.

Turudi kwenye mamilioni yetu. Tatizo la tarehe lilikuwa hili. Binadamu anaandika "Alhamisi saa mbili usiku". Mashine haiwezi kufanyia kazi maneno hayo. Inataka mwaka, mwezi, siku, saa kwa hesabu ya ishirini na nne, na tofauti na saa ya Greenwich. Kwetu sisi mambo yanazidi kuchanganya, kwa sababu saa mbili yetu ya usiku, kwa mashine, ni ishirini. Kwa hiyo hapa ile kanuni nzuri ya taarifa moja kwa wote wawili inagonga mwamba. Lazima tarehe iandikwe mara mbili, moja ya mtu na moja ya mashine. Ya mashine iwekwe wapi?

Wakapata njia iliyoonekana ya kijanja. HTML ina kipengele cha vifupisho: unaandika kifupisho, kama S.L.P., na pembeni unaweka kirefu chake, Sanduku la Posta, ambacho hujitokeza msomaji akipeleka mshale wa mausi juu yake. Wakasema, basi "Alhamisi saa mbili usiku" tuifanye kama kifupisho, na ile namba ndefu ya mashine tuiweke mahali pa kirefu. Programu zikasoma vizuri, watu wakafurahi, kurasa nyingi zikafuata.

Walichosahau ni kwamba mahali pale pa kirefu pana watu wake. Asiyeona anaweza kuipangia programu yake ya kusoma skrini imtamkie kirefu badala ya kifupisho, kwa sababu kwa kawaida kirefu ndicho chenye msaada. Akisomewa tangazo, badala ya Alhamisi anapata milioni ishirini. Hata wenye macho waliguswa kidogo: mausi ikipita juu ya tarehe, kinajitokeza kisanduku chenye tarakimu zisizoeleweka.

Aprili 2007, James Craig na Bruce Lawson waliandika kulipinga jambo hilo kwa mifano ya sauti halisi zinazotoka kwenye programu hizo. Mjadala ukawa mkali. Kuna waliosema si kila msikilizaji ameiweka programu yake hivyo. Wengine wakasema watengenezaji wa programu za kusoma skrini ndio wajirekebishe. Hoja hiyo ya pili huwa inanikera. Mtu amelipa fedha nyingi kwa programu, ameizoea, ndiyo macho yake, halafu anaambiwa aibadili kwa sababu wewe umeamua kuweka takwimu mahali palipokuwa pa maelezo.

Mwaka mmoja ukapita bila ufumbuzi. Kisha Juni 2008 BBC ikachukua hatua. Ilikuwa na mfumo mkubwa wa kurasa za vipindi vyake vya redio na televisheni, kila kipindi na ukurasa wake, na tarehe za kurusha vipindi zilikuwa zimebandikwa lebo hizo za kalenda. BBC ikaziondoa. Ikasema kanuni zake za ndani haziruhusu tena maandishi yasiyosomeka na binadamu kuwekwa mahali pa kirefu cha kifupisho, na kwamba itasubiri njia nyingine au itaangalia kiwango shindani. Kwa jumuiya ndogo iliyokuwa ikijivunia kutumiwa na shirika kama hilo, lilikuwa pigo.

Pigo lile liliamsha kazi. Mwaka 2009 microformats ikatoa mtindo mpya: tarehe na saa zigawanywe vipande vidogo, kila kipande kiwe kitu ambacho hata kikisomwa kwa sauti mtu anaweza kukifuata. Na HTML yenyewe, katika toleo la tano lililokuwa likiandaliwa, ikapata kipengele mahususi cha wakati, chenye mahali pa saa ya binadamu na mahali pengine pa saa ya mashine. Hata hicho kilikuwa na mkasa wake: mwishoni mwa 2011 mhariri wa HTML, Ian Hickson, alikifuta akisema kipengele cha jumla kinatosha. Kelele zilizopigwa zilikirudisha baada ya siku chache.

Nimekaa sana kwenye tarehe kwa sababu ndipo unapouona mkono wa jumuiya ukifanya kazi, na ukikosea, na ukirekebishwa na watu wasiokuwa sehemu ya lile kundi la mwanzo. Yaliyofuata ni mashindano, na nayapitia upesi.

Oktoba 2008 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, lilipitisha RDFa, njia yenye nguvu zaidi ya kubandika lebo, inayomruhusu kila mtu kuleta kamusi yake ya lebo bila kugongana na ya mwenzake. Mwaka 2009 huyo huyo Hickson, akiwa mfanyakazi wa Google, akaanzisha ya tatu, microdata, akiona RDFa ni tata mno. Kukawa na njia tatu, kila moja na mashabiki wake, na ugomvi uliofanana na wa Simba na Yanga, pasipo refa. Mwenye tovuti ya kawaida akabaki anauliza nishike ipi.

Jibu likatoka pengine kabisa. Tarehe 2 Juni 2011, Google, Microsoft yenye Bing, na Yahoo, kampuni zilizokuwa zikishindana kila siku, zilitangaza kwa pamoja schema.org: kamusi moja ya lebo ambayo mitambo yao yote ingeisoma. Yandex ya Urusi ikajiunga baadaye mwaka huohuo. Kamusi ilianza na aina 297 za vitu, kuanzia mtu, mahali na tukio, hadi msikiti, hekalu na kituo cha basi. Na wakaelekeza watu waitumie kwa microdata.

Wale waliokuwa wamehangaika miaka kwenye mabaraza ya hadhara walihisi kwamba mlango umefungwa usiku na ufunguo umebadilishwa. Nami naelewa hasira yao. Kwa upande mwingine, tuseme ukweli: mtu hubandika lebo kwa sababu kuna anayezisoma. Microformats ilikuwa na utaratibu mzuri na wasomaji wachache. Google ilikuwa na msomaji mmoja tu, ila msomaji huyo ndiye aliyekuwa anawaletea wateja mlangoni. Mwenye hoteli Malindi hana haja ya kujua nani alikuwa na adabu zaidi katika mjadala.

Malalamiko yalizaa kitu, hata hivyo. RDFa ikapunguzwa hadi toleo jepesi lenye sifa tano tu, likapitishwa na W3C Juni 2012, na schema.org ikalikubali. Januari 2014 ikapitishwa JSON-LD, ambayo Manu Sporny alikuwa mmoja wa wasukumaji wake wakuu, na ndiyo Google inayoipendekeza leo. Mazungumzo ya kuongeza lebo yakafunguliwa hadharani, wataalamu wa nyanja mbalimbali wakaalikwa. Lebo za biashara zilitoka kwenye kazi ya Martin Hepp iitwayo GoodRelations. Na za redio? Desemba 2013 zilitangazwa lebo mpya za televisheni na redio, za kutaja mfululizo wa vipindi, toleo moja la kipindi, na stesheni inayokirusha, zilizoandaliwa kwa msaada wa Muungano wa Utangazaji wa Ulaya na, ndiyo, BBC. Kufikia mwaka 2015 aina 297 zilikuwa zimekuwa 638, na sasa zimepita 800.

Lakini itazame hiyo JSON-LD kwa makini. Hapa taarifa haizungushiwi lebo palepale inaposomwa. Inaandikwa upya yote katika kifurushi kimoja cha maneno ya mashine, ndani ya ukurasa ule ule, mahali ambapo msomaji hafiki. Kwa waandishi wa programu ni raha tupu, maana hawagusi maandishi ya mhariri. Nakala zimekuwa mbili tena: ukurasa unaweza kusema kiingilio ni elfu kumi na kifurushi kikasema elfu saba, na ni mashine tu itakayojua. Tumerudi kule kwa muuza matairi.

Na kweli alirudi, safari hii na nyota. Mgahawa unajiandikia kwenye lebo zake kwamba umepata nyota tano kutoka kwa mamia ya wateja. Nyota zinaonekana kwenye matokeo ya utafutaji, watu wanabofya. Google ikaweka sharti kwamba kilichomo kwenye lebo kionekane pia kwenye ukurasa, na Septemba 2019 ikaacha kuonyesha nyota za biashara zinazojipa zenyewe kwenye tovuti zao. Agosti 2023 ikabana pia maswali na majibu, ambayo kila tovuti ilikuwa imeyajaza ili kuchukua nafasi kubwa kwenye skrini. Yakaachwa hasa kwa tovuti mashuhuri za serikali na za afya. Hakuna aliyepiga kura. Lebo bado zimo kwenye kamusi, ni halali, ila msomaji mkuu ameacha kuzisoma.

Sasa, sisi tunaoandika Kiswahili kwenye wavuti tunaingia wapi? Tunaingia kwenye majina na anwani.

Kiwango cha vCard kiligawa jina la mtu mafungu: jina la ukoo, jina la kupewa, majina ya ziada, na vyeo vya mbele na nyuma. Hadi toleo la tatu, la mwaka 1998, mgawo huo ulikuwa wa lazima. Microformats, kwa kutaka kuwarahisishia waandishi, wakaongeza kanuni: jina likiwa na maneno mawili tu, programu ichukulie la kwanza kuwa la kupewa na la pili kuwa la ukoo. Kwa jina la Kiingereza inafaa. Kwa Asha Juma, Juma ni baba yake Asha. Programu imemgeuza mzee Juma kuwa ukoo mzima, na katika orodha ya alfabeti Asha atatafutwa kwenye J pamoja na akina Juma wengine wasiohusiana naye hata kwa maji ya kunywa. Akiandikwa majina matatu, lake, la baba na la babu, kanuni hiyo haifanyi kazi, na mwandishi wa ukurasa analazimika kuamua mwenyewe lipi kati ya hayo liwe la ukoo.

Toleo la nne la vCard, la mwaka 2011, liliondoa ulazima huo, jina zima likatosha. Na schema.org hukubali jina zima bila kuligawa. Kwa hiyo ukiwa unatengeneza tovuti ya shule au ya zahanati, na mtaalamu wako akakuletea fomu yenye nyota nyekundu kwenye "jina la ukoo", mwambie kiwango hakimlazimishi. Ni yeye tu aliyeamua.

Anwani ina kichekesho zaidi. Katika vCard, anwani ina sehemu saba, na ya kwanza kabisa, kabla ya mtaa, kabla ya mji, ni sanduku la posta. Ungedhani waliketi Dodoma kuiandika. Nchi kama yetu, ambamo kwa miaka mingi S.L.P. ndiyo ilikuwa anwani rasmi ya shule, ya kanisa, ya halmashauri na ya mjomba aliyeazima sanduku la kazini, ilikuwa imepewa kiti cha mbele. Kisha likaja hilo toleo la nne. Wahariri wakaona kwamba programu mbalimbali zinalisoma fungu lile kila moja kivyake, taarifa zinapotea njiani, wakashauri sanduku la posta liachwe tupu. Lipo, kwa kuwa huwezi kuondoa kiti bila kuvuruga mstari, ila asikae mtu.

Schema.org kwa upande wake ina lebo ya sanduku la posta, na haijashauri iachwe wazi. Kwa hiyo ukurasa wa shule uandikwe hivi: S.L.P. na mji vionekane kwa herufi za kawaida, mahali ambapo mzazi anayetafuta fomu ya kujiunga atavisoma, kisha vilevile bila kubadilisha nukta viingie kwenye lebo za schema.org. Namba ya simu nayo iwepo kote kuwili, ila ianze na +255 kwenye lebo hata kama ukurasani inaanza na sifuri. Na siku ya kikao cha wazazi, ukurasa useme saa tatu asubuhi kama mzazi anavyosema, lebo iseme saa tisa na tofauti ya saa tatu na Greenwich, na anayeiandaa aifungue mara moja kwa programu ya kusoma skrini, asikilize mpaka mwisho, kabla hajaiweka hewani.